Ndoo ya Kumi na Saba

Karani, umeuliza kovu liko wapi.
Sina kovu la kukuonyesha.
Baba hakupigwa risasi, hakulala msituni hata usiku mmoja,
hakufuga nywele: alinyolewa kila Jumamosi
Shauri Moyo, kwa deni.
Andika basi: Shiundu, mzoa vinyesi wa manispaa.
Kipande chake kilikuwa harufu.

Saa nne usiku, amri ikishafunga milango yote ya Pumwani,
yeye ndiye aliyefunguliwa.
Magurudumu ya mkokoteni yalilia vichochoroni,
nyuma ya vyoo, penye vijimlango vya chini,
na watoto tukaziba pua, tukacheka.
Mimi pia nilicheka.
Hilo usiliandike.

Orodha ya manispaa ilikuwa na ndoo kumi na sita.
Nilizihesabu mwenyewe, vidole vya mikono vikaisha,
nikaingia vya miguu.
Yeye alibeba kumi na saba.

Ya kumi na saba ilitoka uani kwa Bi Zaituni,
mjane muuza vitumbua, mtu wa tasbihi.
Ilikuwa na kitako cha uongo. Chini ya kitako, mfuko wa mpira
ulioshonwa na Nyaguthii wa chumba cha pili;
ndani ya mfuko, risasi zilizonunuliwa moja moja
kwa askari mlevi wa Eastleigh,
sindano, betri, dawa ya kuhara,
na mara moja, miwani:
kulikuwa na mtu kule juu asiyeona vizuri
na vita havikumsubiri.
Juu ya hayo yote, unajua ni nini.

Kizuizini Kariokor walichoma magunia ya makaa kwa vyuma,
walipasua magodoro,
walifungua nguo za mtoto mchanga.
Baba akifika, mzungu alitoa leso.
Pita! Pita upesi!
Chema chajiuza, wahenga walisema.
Kinachonuka, baba akaongeza, chajilinda.

Hakula kiapo. Hakuwa wa kabila lililosakwa.
Mama alimuuliza, kwa sauti ya chini, yanakuhusu nini haya?
Akasema, kuna mtoto wa mtu kule anaharisha.
Akavaa buti.

Kisha ukaja ule mwezi wa Aprili, mji ukachanwa kwa chanuo la chuma.
Nyaguthii alipandishwa lori lenye wavu
na uzi ukiwa bado kwenye sindano ya cherehani.
Hatukumwona tena.
Usiku ule ndoo ya kumi na saba ilikuwa tupu.
Baba aliibeba hivyo hivyo,
na usiku uliofuata, na uliofuata,
wiki saba alibeba ndoo tupu
ili mlinzi asije akazoea kumi na sita.

Usiku wa bendera kulinyesha.
Watu walikula, wakanywa, wakaimba hadi sauti zikakauka,
na ndoo zilijaa kuliko siku zote.
Alirudi alfajiri. Nilimsugua miguu kwa limau na majivu,
nikamuuliza, ulisikia mizinga?
Nilisikia, akasema.
Ulipiga makofi?
Nilikuwa na ndoo mikononi.

Unataka mashahidi wawili.
Bi Zaituni yuko chini ya udongo.
Askari mlevi, hata jina hatukulijua.
Aliyepokea mfuko kule shimoni, ng'ambo ya mto,
alikuja gizani, akaondoka gizani,
baba alimjua kwa kikohozi tu.
Huenda alipata shamba. Huenda alipata kaburi.
Huenda ndiye mwenye miwani.

Basi nimekuletea utambo wa ndoo.
Tazama hapa katikati, chuma kilivyolika kwa kiganja kimoja.
Fomu yako haina mahali pake, naona.
Geuza ukurasa, nyuma kuna nafasi.
Mbona unarudisha kiti?
Ushike.
Miaka yote hii nimeulaza chini ya kitanda changu,
na wakati mwingine, usiku, huutoa nikaunusa.
Haunuki tena.